MAKADIRIO YA FUNDI NA MASHARTI YA KAZI YAKO

Somo la radio kwa madarasa ya watu wazima

Leo hatutasoma hadithi. Tutasoma karatasi moja ndogo ambayo wengi wenu mmekwisha kuishika mkononi, pengine ikiwa imekunjwa mara nne na kufungwa katika pindo la khanga. Karatasi hiyo ni makadirio ya fundi.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno MAKADIRIO. Wanafunzi, lisomeni kwa sauti. Kukadiri ni kupima jambo kwa akili kabla halijapimwa kwa futi au kwa mizani. Fundi akija kutazama paa lako, akapanda, akashuka, akakaa barazani na kuandika vitu vitakavyotakiwa pamoja na fedha za ufundi, amekadiri. Karatasi yake bado si mapatano. Itakuwa mapatano siku wewe utakapoikubali, na hapo ndipo penye somo letu, maana watu wengi huikubali kama ilivyo bila kuongeza neno hata moja.

Tutwae nyumba ya mfano. Ni nyumba ya Kiswahili, katika mtaa kama Sikukuu au Narung'ombe. Nyumba za namna hii zinapungua Kariakoo kwa sababu ya maghorofa, lakini ziko bado, na Ilala, Magomeni na Temeke ziko nyingi. Mnaijua ilivyo: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na nyuma ni ua wenye jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba ni bibi mmoja mjane. Yeye hukaa katika vyumba viwili, vinne amevipangisha, na barazani yuko mpangaji auzaye vyombo vya plastiki. Kodi hiyo ndiyo chakula chake na ada ya wajukuu. Bati za paa ni kuukuu, zimeota kutu na zinavuja. Bibi amecheza upatu mwaka mzima akapata fedha, na sasa ni mwezi wa Januari. Anataka paa jipya kabla ya masika, ambayo hapa pwani huanza Machi.

Fundi amekuja, na karatasi yake ni hii. Isomeni polepole. Bei ni ya mfano tu.

Bati futi 10, 76
Mbao 2 kwa 4, 30
Mbao 2 kwa 2, 60
Kofia, 16
Misumari ya bati, kilo 12
Misumari ya inchi 4, kilo 8
Ufundi, Sh. 900,000
Advansi nusu. Kazi siku 6.

(Mwalimu wa darasa, simamisha hapa kidogo ili wanafunzi wanakili.)

Karatasi hii haina uongo ndani yake. Bwana Fundi ameulizwa vitu gani vinatakiwa na ufundi ni kiasi gani, naye amejibu. Lakini mbona imenyamaza sana! Siku ya pili ya kazi, bati za kale zimekwisha kung'olewa upande mzima, na wingu linapanda kutoka baharini. Nani atafunika nyumba, na kwa turubai la nani? Bati kuukuu zitakuwa mali ya nani? Msizidharau, kwa maana wanunuzi wa vyuma chakavu hupita mitaani kila siku na mizani yao. Fundi akikuta boriti imeliwa na mchwa ndani, ufundi utabaki ule ule au utapanda? Bati 76 zitafikaje mlangoni, katika mtaa ambao mchana hata mwenye baiskeli hupita kwa kuomba njia?

Na bati zenyewe ni za geji gani? Hapa niseme neno moja juu ya geji, kwa sababu limewapotosha wengi. Namba za geji huenda kinyume na namba tulizozizoea. Bati ya geji 28 ni nene kuliko ya geji 30, na ya geji 30 ni nene kuliko ya geji 32. Mtu asiyejua huona 32 ni kubwa akafurahi, kumbe amenunua iliyo nyembamba. Karatasi ikisema "bati futi 10" peke yake, dukani wataweza kukupa yoyote, na hutakuwa na la kusema.

Sasa tutofautishe mambo mawili.

Yako masharti ya kawaida. Haya hufaa kila kazi ya fundi, iwe Kariakoo au Kigoma: kazi ni ipi, bei ni kiasi gani, italipwa lini, itakwisha lini, nani na nani wamepatana. Mafundi wengi huyaandika haya, au japo huyasema. Halafu yako masharti mahsusi. Andikeni neno hilo: MAHSUSI. Maana yake ni ya jambo hili hasa, si ya jingine. Masharti mahsusi huzaliwa na nyumba yako, mtaa wako, majirani zako na majira ya mwaka. Ukitaka kujua kama sharti fulani ni mahsusi, jaribu kulihamisha kwa akili ulipeleke kwenye nyumba nyingine. "Kazi iwe nzuri" laweza kwenda popote, na ndiyo maana halina nguvu: uzuri wake nani ataupima? Lakini "upande wa uani uezekwe wote na kufungwa kabla ya kung'oa upande wa barabarani" haliendi popote. Limezaliwa katika nyumba ya bibi huyu, yenye wapangaji wasio na pa kwenda.

Basi unayapataje? Hayapatikani kwa kukaa kitako na kuwaza. Simama na fundi pale pale penye kazi, mtembee pamoja toka barabarani hadi uani, na kila mahali uulize: hapa patakuwaje siku ya kazi?

Tuanze barabarani. Kariakoo ni soko hata nje ya soko. Lori la bati haliwezi kusimama mchana mbele ya maduka, kwa hiyo mzigo huja alfajiri au usiku, au huteremshwa mbali kisha ukasukumwa kwa mkokoteni. Mwenye mkokoteni hulipwa na nani? Bati zikifika saa kumi na moja alfajiri, nani atakuwapo kuzihesabu na kuzipokea? Andikeni. Kisha baraza. Yule mwenye vyombo vya plastiki hawezi kuuza chini ya mtu anayepiga nyundo na kutupa misumari yenye kutu. Mpangaji huyo ana haki ya kujua siku zipi afunge. Ukipatana na fundi kwamba upande wa barabarani utafanywa kwa siku mbili tu, tena siku ambazo biashara ni ndogo, mpangaji atazivumilia siku mbili. Ukimwacha akisubiri wiki tatu, ataomba kodi ipunguzwe, na hutaweza kumlaumu.

Ingieni ukumbini, mtazame juu. Katika nyumba za kale paa hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ni ngumu sana, lakini haishi milele, na ubovu wake hauonekani mpaka bati ziondoke. Hapa ndipo magomvi mengi huanza. Fundi anaona boriti sita mbovu, anazibadili kwa nia njema, mwisho anadai fedha zaidi. Mwenye nyumba anasema, "Hatukupatana hivyo." Wote wawili wanasema kweli. Dawa yake ni sharti la kazi ya nyongeza: fundi akikuta kitu kibovu kilichokuwa kimefichika, asimamishe kazi mahali hapo, amwite mwenye nyumba akione kwa macho, na bei ya kila boriti iwe imeandikwa tangu mwanzo. Sharti hili linamlinda fundi kama linavyomlinda mwenye nyumba, pengine zaidi.

Waya za umeme. Fundi wa kuezeka asiziguse kabisa. Waya unaotoka katika nguzo kuja nyumbani ni wa TANESCO, na zilizomo ndani ni kazi ya fundi wa umeme mwenye leseni. Iandikwe nani atakayekwenda kuarifu, na siku gani umeme utakatwa, kwa sababu bati ikiangukia waya hakuna karatasi itakayomfufua mtu.

Ukuta wa jirani. Nyumba za Kariakoo zimebanana, na maji ya paa lako yaweza kumwagikia uani kwa mwenzako. Mwandike mtaro wa bati, yaani gata, utaelekea wapi. Na kama kazi yako si paa, bali ni kuchimba shimo la choo au kuvunja ukuta kupanua duka, hapo nawaomba msiharakishe hata kidogo. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji lilianguka, na watu zaidi ya 30 wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine la ghorofa likaanguka hapa hapa Kariakoo, wakafa watu zaidi ya 20. Kuchimba karibu na msingi au kuondoa nguzo si jambo la kupatana barazani. Linataka mhandisi na kibali cha Halmashauri ya Jiji. Kazi kubwa za ujenzi zinataka mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Sharti la kuandika katika kazi za namna hiyo ni kwamba hakuna kuanza kabla kibali hakijaonekana kwa macho.

Turudi kwa bibi yetu na paa lake. Mtauliza: je, kuandika haya yote kuna faida mbele ya sheria, au ni kujichosha tu?

Sheria ya Mikataba ya nchi hii ilitungwa Tanganyika mwaka 1961, na leo ni Sura ya 345 katika vitabu vya sheria za Tanzania. Kabla yake ilitumika hapa sheria ya India ya mwaka 1872, na hii yetu imefanana nayo sana. Yako mambo ndani yake ambayo mtu mzima yampasa kuyajua. Mapatano ya mdomo nayo ni mapatano. Ukipatana na fundi kwa maneno mbele ya mashahidi, umefungika, naye amefungika. Shida ni kuthibitisha. Mashahidi husahau, huhama, na wengine hukumbuka kwa kadiri ya urafiki wao.

Jambo jingine limo katika kifungu cha 73. Kifungu hicho chasema kwamba mtu akivunja mapatano, atamlipa mwenzake hasara iliyotokana na jambo hilo kwa kawaida yake, au hasara ambayo wote wawili walijua tangu siku ya kupatana kwamba huenda ikatokea. Yashikeni maneno "walijua tangu siku ya kupatana." Asili yake ni kesi moja ya Uingereza ya mwaka 1854, baina ya Hadley na Baxendale. Hadley na mwenzake walikuwa na kinu cha kusaga nafaka katika mji wa Gloucester. Chuma kimoja kikubwa cha mashine kilivunjika, wakakipeleka kwa wachukuzi wa mizigo ili kifikishwe Greenwich, kiwe kielelezo cha kutengenezea kipya. Wachukuzi wakachelewa siku kadhaa, na kinu kikasimama siku zote hizo. Wenye kinu wakadai walipwe faida waliyoikosa. Mahakama ikasema hapana: wachukuzi hawakuwa wameelezwa kwamba bila chuma kile kinu hakitasaga kabisa. Wangeelezwa, mambo yangekuwa mengine.

Mwaona sasa? Fundi wa bibi yetu akichelewa mwezi mzima, wapangaji wakahama kwa sababu ya kuvuja, bibi atadai kodi aliyoikosa. Fundi atajibu, "Mimi nilijuaje kama una wapangaji? Nilidhani ni wanao." Lakini ikiwa katika karatasi pameandikwa, "Fundi anajua kwamba vyumba vinne na baraza vina wapangaji, na kwamba mwenye nyumba atakosa kodi paa likiwa wazi kupita siku zilizotajwa," jibu hilo halina pa kusimama. Mstari mmoja wa wino! Kwa maoni yangu huo ndio mstari wenye thamani kuliko yote katika karatasi, na ndio usioandikwa kamwe.

Wako watu ambao, wakisikia hivi, hukimbilia kuandika faini: "Fundi akichelewa siku moja atalipa milioni moja." Msifanye hivyo. Kifungu cha 74 chasema kwamba hata kama mmetaja kiasi, mahakama itatoa fidia inayostahili tu, isiyozidi kiasi hicho. Faini ya kutisha haikusaidii, na fundi mwema ataiona karatasi yako akaenda zake. Taja kiasi kinacholingana na hasara, kwa mfano kodi ya siku hizo.

Sasa malipo. Karatasi ya fundi ilisema "advansi nusu." Nusu ya ufundi kabla ya msumari wa kwanza ni nyingi, lakini kumnyima fundi kitu chochote nako si haki, kwa sababu anao vijana wake, saidia fundi, ambao hula kila siku. Ni bora fedha zifuate kazi. Bibi anaweza kugawanya shilingi 900,000 hivi: 200,000 siku ya kuanza, 300,000 upande wa uani ukiisha kuezekwa na kufungwa kofia, 300,000 upande wa barabarani ukiisha, na 100,000 zibaki mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite bila paa kuvuja, au zipite siku 30, lolote litakalotangulia. Jumlisheni wenyewe mwone kama hesabu inakwenda sawa. Hayo maneno "au zipite siku 30" ni ya haki, maana fundi hawezi kungoja mvua ambayo huenda ikachelewa. Kubakiza sehemu ya malipo mpaka kazi ijulikane ni jambo la kawaida katika kazi kubwa za serikali, basi hakuna ajabu bibi wa Kariakoo akifanya vivyo hivyo.

Fedha za vifaa ziwe mbali na fedha za ufundi. Nendeni pamoja dukani, fundi achague, wewe ulipe, na risiti iandikwe jina lako. Ikiwa huwezi kwenda, iandikwe kwamba vifaa vitakavyobaki ni vyako, na kwamba fundi ataleta risiti. Ukilipa kwa simu, usiufute ule ujumbe wa malipo. Tangu ilipotungwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu waweza kupokelewa mahakamani kuwa ushahidi.

Najua liwasumbualo baadhi yenu. Mnasema, nitamwambiaje fundi maneno haya bila kumvunjia heshima? Sikilizeni mazungumzo haya ya mfano. Katika darasa, mmoja asome maneno ya bibi, mwingine ya fundi.

BIBI: Bwana Fundi, makadirio yako nimeyasoma, ahsante. Nimeongeza maneno machache hapa chini.
FUNDI: Mama, maneno ya nini tena? Tumejuana siku nyingi. Tutaelewana tu.
BIBI: Tutaelewana, baba. Nataka tuelewane leo, kabla bati hazijashuka. Mvua ikinyesha usiku paa likiwa wazi, utakuja?
FUNDI: Nitakuja, mama. Lakini turubai la ukubwa huo mimi sina.
BIBI: Hilo ndilo sikulijua. Basi turubai nitakodi mimi, na kulifunga kila jioni ni juu yako. Vyema?
FUNDI: Vyema. Na mimi nina langu. Zile boriti za juu ya ukumbi sikuzifikia. Zikiwa mbovu, siwezi kuzibadili kwa fedha ile ile.
BIBI: Sema bei yake, tuiandike.
FUNDI: Elfu kumi na tano kwa kila moja, ufundi peke yake. Mbao utanunua wewe.
BIBI: Haya. Na bati kuukuu?
FUNDI: Mama, desturi ni za fundi.
BIBI: Desturi ya wapi? Nitakuachia nusu, nusu nitaezekea banda la kuku.
FUNDI: (Anacheka) Haya mama, nusu kwa nusu.

Tazameni, hakuna aliyemtukana mwenzake. Tena bibi amepata kujua jambo la turubai siku ishirini kabla ya kulihitaji. Angelijua usiku wa mvua, angelijua akiwa amelowa.

Haya ndiyo maneno waliyoandika chini ya makadirio. Yanakilini katika daftari zenu, nafasi tupu mtajaza wenyewe.

MASHARTI YA KAZI HII
Kazi ni kubadili paa la nyumba namba ......, Mtaa wa ......, Kariakoo. Bati ziwe za geji 28, futi 10. Hakuna kubadili geji bila mwenye nyumba kuandika kwamba amekubali.
Upande wa uani utang'olewa kwanza, uezekwe wote, ndipo upande wa barabarani uguswe. Upande wa barabarani ufanywe kwa siku mbili mfululizo, na mpangaji wa baraza aarifiwe siku tatu kabla.
Kila jioni sehemu iliyo wazi ifunikwe. Turubai litatolewa na mwenye nyumba. Kulifunga ni kazi ya fundi.
Boriti iliyooza ionyeshwe kwa mwenye nyumba kabla ya kubadiliwa. Ufundi wa kila boriti ni Sh. 15,000.
Bati kuukuu zigawanywe nusu kwa nusu. Misumari yote iokotwe ukumbini, uani na barabarani kila siku kabla ya magharibi.
Mkokoteni na kuteremsha mzigo ni juu ya mwenye nyumba. Akichelewesha vifaa, siku za kazi za fundi zitaongezwa kwa kadiri ile ile.
Fundi anajua kwamba vyumba vinne na baraza vina wapangaji, na kwamba mwenye nyumba atakosa kodi paa likiwa wazi kupita siku zilizotajwa.
Ufundi ni Sh. 900,000 (shilingi laki tisa tu), nazo zitalipwa kwa mafungu manne: ......
Sahihi au dole gumba la fundi ...... Sahihi au dole gumba la mwenye nyumba ...... Shahidi ...... Tarehe ......

Fedha zimeandikwa kwa namba na kwa maneno pia. Namba 1 huweza kugeuzwa 7 kwa mkwaju mmoja wa kalamu, lakini "moja" haigeuki "saba." Nafasi zote zilizobaki tupu pigeni mstari, asije mtu akaongeza neno nyuma yenu. Ziandikwe nakala mbili, na sahihi zitiwe katika zote mbili. Ikiwa mmoja wenu hajui kusoma bado, karatasi isomwe yote kwa sauti mbele ya shahidi kabla ya kutia dole gumba, na shahidi asiwe ndugu wa upande mmoja. Mjumbe au jirani anayeheshimiwa atafaa. Mambo yakiharibika, karatasi hiyo ndiyo mtakayokwenda nayo kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, awasuluhishe, na ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo.

Kazi yenu ya juma hili. Mtu mmoja katika Mtaa wa Mchikichi anataka kupaka rangi na kutia lipu nyumba yake kabla ya sikukuu ya Idi. Nyumba ina kisima uani, mzee mgonjwa wa pumu katika chumba cha pili, na mlango wa mbele ndio njia pekee ya kutokea. Fundi ameandika: "Saruji mifuko 14, mchanga, rangi ndoo 6, ufundi Sh. 600,000." Andikeni masharti manne ambayo ni mahsusi kwa nyumba hiyo, kila moja kwa sentensi moja au mbili. Kisha mjadiliane darasani: ni lipi kati ya hayo manne ambalo fundi mwenyewe angelipenda liandikwe? Wale wenye kazi ya kweli nyumbani, leteni makadirio ya kweli, mfunike jina la fundi kwa kidole, na darasa liyasome pamoja.